Udongo Uliochoka Hauuzwi, Hutibiwa

Juma lililopita niliwaahidi kwamba leo tungezungumza juu ya viwavi wanaotafuna sukuma wiki. Mniwie radhi. Viwavi watangoja, kwa maana nimepokea barua ambayo haiwezi kungoja.

Barua yenyewe imetoka kwa bibi mmoja wa Soy, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kitale. Amesema nimwite Kogo kama wanavyomwita wajukuu wake, nami nitafanya hivyo kwa heshima. Kogo ana bustani nyuma ya nyumba, mita 10 kwa mita 5, ambayo imemlisha tangu alipoolewa. Kwa misimu mitatu sasa bustani hiyo imegoma. Sukuma wiki inashika kisha inadumaa, majani ya chini yanageuka rangi ya zambarau, na vitunguu havizidi ukubwa wa gololi. Kila msimu Kogo ameongeza mbolea ya DAP, na kila msimu mambo yamezidi kuharibika.

Sasa ametokea mtu mwenye lori. Mtu huyo anatafuta udongo wa juu wa kupeleka Eldoret, kwenye nyumba mpya ambazo wenyewe wanataka nyasi na maua mlangoni. Amemwambia kijana wa Kogo kwamba atauchota udongo wa bustani pamoja na kipande cha shamba kilicho kando yake, hadi kina cha jembe, na atalipa taslimu. Kijana ana mtoto anayeingia shule ya upili mwezi wa Januari, na karo haijapatikana. Amemwambia mamake, "Udongo wenyewe umekufa. Kwa nini tusiuuze?"

La tatu ni kwamba mjukuu wa kike wa Kogo amepanga chumba katika mtaa wa Langas, mjini Eldoret. Ana mtoto mchanga, na bei ya mboga sokoni inamshinda. Ameomba atumiwe gunia la udongo wa nyumbani kwa matatu ili apande mboga nje ya mlango wake. Kogo anamaliza barua hivi: "Mwanangu, udongo ulionikataa mimi utamkubali mjukuu wangu? Na je, niuuze?"

Kogo, chamgei. Jibu langu kwa ufupi ni hili: usiuze. Udongo wako haujafa, ni mgonjwa, na ugonjwa wake una tiba. Lakini najua kwamba karo haingoji maneno matamu, kwa hivyo ni wajibu wangu nieleze kwa nini nasema hivyo, kisha tuone la kufanya.

UDONGO WA JUU NI NINI?

Chukua jembe, Kogo, uchimbe shimo dogo kwenye kona ya bustani. Utakuta tabaka la juu lililo jeusi au kahawia iliyokolea. Hapo ndipo penye mizizi, minyoo, masalio ya majani yaliyooza na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo sebule ya mimea. Chini yake rangi inageuka kuwa nyekundu na udongo unakuwa mgumu. Ukiendelea, katika sehemu nyingi za nyanda za Uasin Gishu, hufiki mbali kabla jembe halijagonga muramu na kukurudisha nyuma.

Tabaka hilo la juu, ambalo mtu wa lori analitaka, halikuja kwa msimu mmoja. Sentimita chache tu za udongo huchukua mamia ya miaka kuundwa, mwamba ukivunjikavunjika na majani yakioza juu yake. Lori litauchota kwa mchana mmoja. Mvua za Machi zitakaponyesha zitakuta uwanja mwekundu, maji yatatuama au yataporomoka na kile kidogo kilichobaki, na hapo hata samadi ya ng'ombe wote wa Soy haitarudisha upesi kilichoondoka. Karo ya muhula mmoja italipwa, lakini mtoto huyo atakapomaliza shule hatapata nyumbani pa kupanda hata kitunguu.

Tena tazama ajabu hii. Mtu wa lori si mjinga. Kama udongo huo ungekuwa umekufa, angeuchoma mafuta kuufuata hadi Soy? Anajua kwamba wanunuzi wake mjini watautia mbolea na dawa inayofaa, nao utachanua. Basi mbona usiutibu wewe mwenyewe ulioko nyumbani kwako?

UGONJWA WENYEWE NI UCHACHU

Dalili alizotaja Kogo zinafanana na za udongo uliochacha, yaani wenye asidi nyingi. Maziwa yakichachuka ndani ya kibuyu tunapata mursik na tunafurahi. Udongo ukichacha, hakuna anayefurahi.

Hutokeaje? Mvua za miaka mingi huyeyusha chokaa ya asili iliyomo udongoni na kuishusha chini mizizi isikofika. Sisi nasi, kila tunapovuna na kubeba mabua na majani, tunaondoa nyingine. Halafu tunatia mbolea ya DAP msimu baada ya msimu bila kurudisha kitu. Naitrojeni iliyo katika DAP ni ya aina ya amonia, na inapogeuzwa na vijidudu vya udongo huacha asidi nyuma yake. Mwaka mmoja huoni tofauti. Baada ya miaka 20 unaona.

Wataalamu hupima uchachu kwa kipimo kiitwacho pH. Saba ni katikati, haina uchachu wala ukali. Mboga nyingi hupenda udongo wa 6 hadi 6.5. Ukishuka chini ya 5.5, madini ya alumini ambayo kwa kawaida hulala udongoni bila kumdhuru mtu huyeyuka na kuumiza ncha za mizizi. Mizizi inakuwa mifupi na minene, haina nyuzi nyembamba za kunyonya chakula. Wakati huo huo, alumini na chuma huikamata fosforasi na kuifungia. Ndiyo sababu majani ya sukuma ya Kogo yanageuka zambarau, ambayo ni dalili ya njaa ya fosforasi, ilhali ameutilia udongo DAP iliyojaa fosforasi! Ni sawa na kumwandalia mgonjwa ugali na nyama huku kinywa chake kimejaa vidonda. Chakula kipo mezani, ila hakiliki.

Tafadhali nisieleweke vibaya. Sisemi DAP ni sumu. Kosa letu ni kuifanya kuwa dawa ya kila ugonjwa, mwaka nenda mwaka rudi, pasipo chokaa wala samadi.

Jambo hili si geni kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi walitengeneza kifurushi walichokiita PREP-PAC kwa ajili ya wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya ambao mashamba yao yalikuwa na mabaka yasiyoota kitu. Ndani yake mlikuwa na kilo 2 za mawe ya fosfeti yaliyosagwa kutoka Minjingu, kaskazini mwa Tanzania, pamoja na urea kidogo na mbegu za jamii ya kunde. Kifurushi kimoja kilikusudiwa mita 25 za mraba tu. Waliwaza kama anavyopaswa kuwaza mama mwenye bustani: tibu kipande kidogo vizuri, kisha uhamie kingine. Bustani ya Kogo ni vipande viwili vya namna hiyo.

PIMA KABLA YA KUTIBU

Hata hivyo, mimi nimesoma barua tu, sijauona udongo. Daktari mwema hapimi mgonjwa kwa barua. Kogo, kabla ya kununua chochote, peleka udongo ukapimwe. Hapo karibu nawe kuna Chuo Kikuu cha Eldoret pale Chepkoilel, chuo kilichopata hati yake mwaka wa 2013 na chenye watu waliosomea udongo. Kuna pia vituo vya utafiti vya KALRO, kimoja kikiwa Kitale. Anza kwa kumuuliza afisa wa kilimo wa wadi yako ni wapi pa karibu na gharama ni kiasi gani.

Namna ya kuchukua udongo wa kupima ni muhimu. Tembea bustanini kwa kupindapinda kama nyoka, uchimbe mahali 10 hivi. Kila mahali ondoa takataka za juu, chimba hadi sentimita 15 au 20, uchukue kipande chembamba. Usichukue palipokuwa na lundo la samadi, wala pa kuchomea taka, wala chini ya mti. Changanya vyote katika ndoo safi ambayo haikuwahi kubeba mbolea, anika kivulini, kisha funga nusu kilo tu katika mfuko na uandike jina na tarehe.

Wakati unangoja majibu, kuna mambo mawili unayoweza kujionea. Ng'oa mche mmoja wa sukuma uliodumaa utazame mizizi. Ikiwa mifupi, minene na imevimba ncha bila nyuzi, uchachu unashukiwa. Ikiwa ina mavimbe makubwa kama vidole, huo ni ugonjwa mwingine wa jamii ya kabeji ambao pia hupenda udongo mchachu, na hapo usipande sukuma wala kabeji mahali hapo kwa miaka kadhaa. Halafu chimba nyasi za kando ya ua. Minyoo ikiwa mingi kule na bustanini hamna hata mmoja, umejua ni wapi pamekosa chakula.

TIBA NI CHOKAA, SAMADI NA SUBIRA

Dawa ya uchachu ni chokaa ya kilimo. Nasema chokaa ya kilimo, si chokaa ya kupaka ukutani. Nililipia somo hili mwenyewe nilipokuwa kijana. Nilikuta mfuko wa chokaa uliobaki baada ya kupaka nyumba, nikaona nimeokota dhahabu, nikaumwaga wote kwenye matuta mawili ya spinachi. Spinachi iliungua kana kwamba imepitiwa na moto, na mama yangu hakuninunulia sare mpya mwaka huo. Chokaa ya ukutani ni kali. Ya kilimo ni mawe yaliyosagwa, hufanya kazi polepole na kwa upole.

Majibu ya vipimo yatasema kiasi. Kipimo kinachopendekezwa mara nyingi kwa udongo uliochacha ni tani 2 kwa hekta. Kwa lugha ya bustani hizo ni kilo 2 kwa kila mita 10 za mraba, yaani kilo 10 kwa bustani yote ya Kogo. Wakati mzuri ni Januari au Februari, udongo ukiwa unalimwa kungojea mvua. Siku isiyo na upepo, ziba pua na mdomo kwa kitambaa, nyunyiza sawasawa, kisha lima na kuchanganya hadi sentimita 15. Chokaa iliyoachwa juu haifanyi kazi chini, kwa kuwa haitembei. Ipe mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda.

Wengi huniuliza juu ya majivu. Majivu ya kuni na ya magunzi hupunguza uchachu, tena yana potasiamu. Lakini nguvu yake ni ndogo kuliko ya chokaa na hutofautiana jiko kwa jiko. Kikombe kimoja au viwili kwa mita moja ya mraba kwa mwaka vinatosha. Usiyatie palipo na viazi, kwa sababu huleta ukoko kwenye ngozi ya kiazi. Na majivu ya takataka zenye plastiki, rangi au betri yasiingie bustanini kamwe.

Baada ya chokaa ndipo huja chakula. Tumia samadi iliyooza, ile ambayo haina joto, haina harufu kali, na ukiishika inavunjika kama makombo ya keki. Debe moja kwa kila mita 4 za mraba linatosha. Usiichanganye na chokaa au majivu siku moja, maana naitrojeni itapaa hewani kwa harufu ile ya kuwasha pua, na utabaki na samadi isiyo na nguvu. Tenga majuma mawili au matatu kati yake. Kama lundo la samadi huachwa wazi kwenye mvua, lifunike kwa nyasi au majani ya migomba, kwani maji meusi yanayotiririka kutoka kwenye lundo ndiyo mbolea yenyewe inayokimbia.

Kama kuna ule mmea wa maua ya manjano uitwao tithonia kando ya njia, kata majani yake mabichi uyafukie juma moja au mawili kabla ya kupanda. Watafiti waliofanya kazi Maseno katika miaka ya 1990 walionyesha kwamba majani hayo yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi. Ni mbolea inayoota bure.

Msimu huu DAP iwe kidogo, au ufuate mbolea itakayotajwa katika majibu ya vipimo. Ya kukuzia, CAN huchachusha udongo kwa kiasi kidogo kuliko urea. Zungusha mazao pia: palipokuwa na sukuma panda maharagwe au kunde, kisha saga au managu. Funika udongo kwa nyasi kavu zisizo na mbegu. Ukifanya hivyo, msimu wa kwanza utaona majani yakirudi kuwa kijani, na msimu wa pili utaona vitunguu vyenye haya ya kuitwa gololi. Chokaa moja inaweza kukutosha miaka miwili au mitatu, kisha pima tena.

UDONGO WA SHAMBA SI UDONGO WA NDOO

Sasa tumgeukie mjukuu wa Langas. Je, udongo wa Soy utamkubali? Ndiyo, lakini si peke yake.

Shambani, udongo una minyoo ya kuutoboa na kina cha kupitisha maji. Ukiujaza ndani ya ndoo, hayo yote yamekwisha. Maji ya kila siku huugandamiza, hewa inatoka, na baada ya mwezi mmoja una tofali lenye mche juu yake. Ndiyo sababu watu wengi mjini husema, "Mimi sina mkono wa kupanda." Mkono wanao, ila waliupa kazi udongo usioiweza.

Kwa gunia, mchanganyiko uliozoeleka ni sehemu 3 za udongo wa juu, sehemu 2 za samadi iliyooza na sehemu 1 ya mchanga wa mtoni ulio na chembe nene. Gunia la mahindi la kilo 90 huchukua takriban madebe 6, kwa hivyo hesabu ni rahisi: madebe 3, madebe 2, debe 1. Kogo, tuma madebe 3 ya udongo na 2 ya samadi. Mchanga ataununua huko huko. Kwa kuwa udongo wako unashukiwa kuwa mchachu, atie vijiko 5 vya mezani vya chokaa ya kilimo katika udongo na kuchanganya vizuri, aunyunyizie maji, aufunike, na aongeze samadi baada ya majuma mawili.

Usimtumie udongo wa mahali ambapo nyanya, viazi au pilipili viliwahi kunyauka ghafla vikiwa vibichi. Kuna mnyauko wa bakteria unaoishi udongoni kwa muda mrefu. Ukitaka kuutambua, kata shina la mmea ulionyauka na ulitumbukize katika glasi ya maji safi. Nyuzi kama za maziwa zikishuka kutoka kwenye shina, udongo huo usihame hapo ulipo, hata kwa kandambili.

Gunia lijazwe hivi. Weka mkebe wa Kasuku uliotolewa vitako katikati ya gunia, ujaze mawe madogo ndani yake, uzungushie mchanganyiko pembeni, kisha vuta mkebe juu na uendelee hivyo hadi kileleni. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo bomba linalofikisha maji chini. Toboa matundu ubavuni kwa kupishana, upande sukuma humo, na juu upande vitunguu vya majani au dhania. Gunia moja litabeba miche 20 hadi 30. Ubunifu huu umewafaa wengi. Baada ya ghasia za mwaka wa 2007 na 2008, shirika la Solidarités lilisaidia familia za Kibera, Nairobi, kupanda mboga kwa magunia namna hii hii, na mama wa chumba kimoja akavuna mlangoni mwake.

Kwa ndoo na mikebe, mchanganyiko uwe mwepesi zaidi: sehemu 1 ya udongo, sehemu 1 ya mboji au samadi iliyooza, na sehemu 1 ya kitu chepesi. Kitu hicho kinaweza kuwa vumbi la makaa lililochekechwa, au yale mawe mepesi yenye vishimo yachimbwayo Bonde la Ufa upande wa Naivasha. Nyuzi za maganda ya nazi kutoka Pwani, ambazo huuzwa zikiwa zimeshindiliwa kama matofali, nazo ni nzuri, lakini zioshwe mara mbili kwa maji safi kuondoa chumvi, na mjue kwamba hazina chakula. Hushika maji tu.

Eldoret ni mji wa mbao, na vumbi la mbao ni jingi. Likiwa bichi ni mwizi, kwa kuwa vijidudu vinavyolioza huichukua naitrojeni ya mimea na majani yakawa manjano. Lirundike na samadi kidogo, lilowe, likae mwaka mmoja mpaka liwe jeusi. Na usichukue kamwe vumbi la nguzo au mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Dawa hiyo si ya kula na mtoto.

Kila chombo kitobolewe chini, matundu 4 au 5. Kuna desturi ya kuweka kokoto chini ya ndoo ili maji yatoke. Haisaidii kitu. Maji hukaa kwenye udongo ulio juu ya kokoto na mizizi inaoza vile vile. Kinachosaidia ni matundu na mchanganyiko mzuri. Kwa dhania, kina cha sentimita 15 kinatosha. Sukuma ipewe 25 hadi 30. Nyanya ipewe ndoo yake pekee ya lita 20. Makopo ya rangi, ya mafuta ya gari au ya dawa za shambani yaachwe.

Kipimo cha mwisho ni cha mkono. Lowesha mchanganyiko, uukamate ngumi, kisha ufungue. Ukibaki donge kama unga wa mandazi, ongeza mchanga. Ukimwagika wote, ongeza samadi. Ukikaa kisha ukavunjika unapoudonoa kwa kidole, umefaulu. Na kwa sababu maji ya kila siku huosha chakula, kila baada ya majuma mawili mpe mmea maji ya samadi yaliyokolea rangi ya chai ya rangi, si kahawa, uyamwagie udongoni na si kwenye majani yatakayoliwa.

NA KARO JE?

Kogo, madebe matatu kwa mjukuu ni zawadi. Lori ni maziko. Lakini kijana wako hana kosa kutafuta karo, nami siwezi kumwambia kwamba sukuma wiki itailipa yote ifikapo Januari. Haitailipa. Huenda mkalazimika kuzungumza na mwalimu mkuu ili mlipe kwa awamu, au kuuza kitu kingine ambacho kinazaliwa tena, kama mbuzi au magunia kadhaa ya mahindi.

Hicho ndicho kipimo ninachowaachia nyote leo. Uza kinachozaliwa upya, usiuze kinachokizaa. Mahindi huzaliwa upya, mbuzi huzaliwa upya, na mboji huzaliwa upya. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti mwaka wa 2024, na wakazi wake wenye ndoo na magunia wanatafuta cha kupandia. Kijana mwenye ng'ombe, mabua ya mahindi na jembe la meno anaweza kurundika mboji leo, akaigeuza kila baada ya majuma mawili au matatu, na baada ya miezi mitatu au minne akaipeleka mjini kwa gunia, akaanza na majirani wa mpwa wake huko Langas. Haitamtajirisha. Lakini muhula wa pili nao una karo, na udongo utakuwa bado upo nyumbani.

Kogo, mwambie mtu wa lori asante kwa kukuonyesha kwamba udongo wako una thamani. Kisha umpe chai, aende zake.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutawarudia wale viwavi wetu. Kwa leo, kwaherini na palilieni vyema.